Tafuta mahali kabla hujatafuta mshauri: mwongozo wa ushauri nasaha kwa simu kwa wakaazi wa Mombasa

Mtu anayetaka ushauri nasaha hapa Mombasa huanza kwa kuuliza azungumze na nani. Baada ya miaka kadhaa ya kusikiliza watu kwa simu na kwa video, nimeamini kwamba swali hilo linafaa kuwa la pili, na kwamba la kwanza ni hili: utazungumzia wapi? Wengi ninaowaona wakikata tamaa baada ya vikao viwili hukata tamaa kwa sababu walikuwa wakinong'ona, na mtu anayenong'ona huzunguka pembeni mwa jambo lake bila kulitaja lililomleta. Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, na ninaomba zifuatwe kwa mpangilio wake, hasa hatua ya kwanza, ambayo inahusu uhai.

Hatua ya kwanza: pima kama jambo lako linaweza kuanzia simuni

Msongo wa mawazo, kufiwa, talaka, kupoteza kazi, ugomvi wa ndoa, kamari, sigara na muguka (majani ya kutafuna ya jamii ya miraa) ni mambo yanayoweza kushughulikiwa kwa mazungumzo ya simu tangu siku ya kwanza. Yapo matatu ambayo yanahitaji watu wa hospitali kwanza, na mazungumzo ya simu huja kando yao.

La kwanza ni fikra za kujiua. Mtu aliyekwisha kuwaza namna au wakati asisubiri miadi ya wiki ijayo. Apige 1199, nambari isiyo na malipo ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au afikishwe hospitali ya Coast General ama Port Reitz, na asiachwe peke yake njiani. Jamaa wengi walikuwa wakificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya kosa, kinakiuka Katiba. Kwa hiyo usicheleweshe mgonjwa kwa ajili ya hofu hiyo.

La pili ni pombe ya kila siku. Ikiwa mikono hutetemeka asubuhi mpaka upate glasi ya kwanza, iwe ya mnazi au ya chupa, usiache ghafla ukiwa chumbani peke yako kwa sababu umepata ari baada ya kikao kizuri. Dalili za kukatisha pombe huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho. Degedege hutokea zaidi katika saa 48 za mwanzo, na hali ya kuweweseka, kuona visivyokuwepo na kupandwa na homa huja kati ya siku ya pili na ya nne, na inaweza kuua. Kukatisha ghafla vidonge vya usingizi, vikiwemo vile vya mtaani viitwavyo bugizi, vilivyotumiwa kwa muda mrefu kuna hatari kama hiyo. Mwambie daktari kiasi cha kweli unachotumia, bila kukipunguza kwa haya, kwa maana dozi ya kukushusha polepole hupimwa kwa hicho.

La tatu ni unga. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, huanza ndani ya siku moja, huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida haiui kama ya pombe, ingawa kutapika na kuharisha kunaweza kumkausha mtu maji. Hatari kubwa huja baadaye. Aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, labda amefungiwa nyumbani na wazazi au ametoka jela, mwili wake haukihimili tena kiwango alichokizoea. Akirudia kile kile, pumzi inaweza kukatika. Kliniki ya methadoni iliyoko Kisauni hutoa dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, na anayeitumia huweza kukaa bila arosto akarudi kazini na kwa watoto wake. Ushauri wa simu unafaa sana kwa mtu aliye kwenye methadoni. Kuutumia badala ya methadoni ni kumpa mzigo usiobebeka. Asiyejua pa kuanzia apige 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ambayo pia itamweleza kuhusu kituo cha tiba cha Miritini.

Hatua ya pili: tafuta mahali

Nyumba za Mji wa Kale zimeshikana ukuta kwa ukuta, na kichochoro kilicho chini ya dirisha hubeba kikohozi hadi dukani. Nyumba nyingi za Majengo zina vyumba sita kuzunguka ukumbi mmoja, na kuta za ndani aghalabu hazifiki paani, hivi kwamba anayelala chumba cha mwisho anajua ndoto za wa chumba cha kwanza. Katika nyumba ya namna hii, vifaa vya masikioni huficha sauti ya mshauri tu. Ya kwako inabaki hadharani. Ndiyo maana nasema mahali patangulie.

Mama mmoja niliyemsikiliza kwa muda mrefu, ambaye nimebadilisha mambo yake asitambulike, alikuwa akipanda juu ya paa la zege kila wiki baada ya sala ya alasiri, beseni la nguo kiunoni, simu ndani ya kitambaa cha kichwani. Tulikuwa tumeafikiana kwamba akitaja vibanio, basi kuna mtu anayepanda ngazi. Wiki ya nne, katikati ya jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, alinyamaza, kisha akasema, "Vibanio havitoshi, dada." Nikasikia shuka ikipigwa na upepo, sauti ya msichana akiuliza, "Mama, wazungumza na nani?" naye akajibu kwamba anazungumza na mtu wa hospitali na atashuka sasa hivi. Nyayo zilishuka. Alianika shuka ya pili, kisha akaendelea pale pale alipoikatiza sentensi.

Kuna mambo mawili ya kuiga hapo. Alikuwa na neno la siri lililokubaliwa mapema, na alikuwa na jibu la kweli. Usiseme unafanya darasa wala unazungumza na rafiki, kwa maana uongo mdogo wa kila wiki huchosha na hatimaye hufichuka. Sema una mazungumzo na mtu wa afya mpaka saa fulani, kisha basi.

Kama huna paa, fikiria gari lililoegeshwa, ofisi baada ya wenzako kuondoka, kibanda cha lori ikiwa wewe ni dereva unayesubiri kupakia, au nyumba ya rafiki anayekuachia ufunguo bila maswali. Viti vya bustani ya Mama Ngina vinafaa asubuhi mapema, ingawa upepo wa bahari huingia kwenye maikrofoni na itakubidi uupe mgongo. Ndani ya feri na matatu hapafai hata kwa dakika tano za kuanzia. Ukibaki chumbani, washa pangaboi na uweke redio karibu na mlango, upande wa nje wa sauti yako, si karibu na simu. Na kama hakuna kabisa pa kusemea, omba ushauri kwa maandishi. Huenda polepole, na mshauri hukosa pumzi na kigugumizi chako, vitu ambavyo humwambia mengi, lakini nimeona watu wakiandika waliyoshindwa kuyatamka.

Hatua ya tatu: ziba matundu ya simu yenyewe

Simu katika nyumba zetu ni ya kila mtu. Mtoto huichezea, mume huichukua kupiga, dada huikopa data. Weka namba ya siri ambayo watoto hawaijui. Zima maonyesho ya ujumbe kwenye kioo kilichofungwa, ili mshauri akituma "Pole kwa jana" isisomwe mezani. Fungua mipangilio ya WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa, na ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe. Jambo linalosahaulika zaidi ni malipo: ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la uliyemlipa, na jina kama "kituo cha ushauri nasaha" husema yote. Uliza mapema jina litakaloonekana. Ikiwa ndani ya nyumba kuna mtu anayekupiga au kukutisha, mwambie mshauri hilo kabla ya lolote, ili asikupigie wala kukuandikia nje ya saa mlizopanga.

Hatua ya nne: mhakiki mshauri

Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, anayefanya kazi hii nchini Kenya anatakiwa kusajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria hiyo. Mwombe nambari yake ya usajili na uulize kwenye bodi. Aliye halali hakasiriki. Mimi mwenyewe huituma kabla sijaombwa. Kama unahitaji dawa, anayeweza kukuandikia ni daktari au afisa wa kliniki aliyesajiliwa, na daktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo orodha yake iko mtandaoni. Mshauri nasaha anayekupangia vidonge kwa simu amevuka mpaka wa kazi yake, hata kama vidonge vyenyewe ni vya kawaida.

Hapa ndipo njia ya mtandao inapompa mtu wa Pwani faida ambayo chumba cha ushauri cha mtaani hakiwezi kumpa. Sisi ni watu wa ukoo na harusi. Ukimtafuta mshauri Mombasa mjini, ukauliza jina la ukoo wake, huenda akawa binamu wa mkeo. Kwa simu unaweza kuzungumza na mtu aliyeko Kisumu au Eldoret, ambaye hatakukuta kwenye maulidi wala mazishini. Upande wa pili, mtu wa mbali huenda asielewe kwa nini kurudi kwa mama baada ya talaka kuna uzito, au kwa nini huwezi tu kumwambia baba mkwe hapana. Mweleze, uone anasikiliza namna gani. Akiharakisha kukupa jibu kabla ya kuuliza, endelea kutafuta.

Kabla ya kulipa, uliza analipwa kwa kikao cha dakika ngapi, atafanya nini ukikosa miadi, maandishi yake anayahifadhi wapi, na nani mwingine huyaona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na una haki ya kujua zinatumiwaje na kuomba zisahihishwe. Uliza pia mipaka ya usiri wake, kwa kuwa ipo: mshauri huweza kulazimika kusema ikiwa maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, ikiwa mtoto anadhuriwa, au akiamriwa na mahakama. Na uliza kama utaendelea na mtu mmoja. Nilipofiwa na baba yangu nilijiunga na huduma moja ya mtandaoni kama mteja, na ndani ya wiki tano nikabadilishiwa mshauri mara tatu bila kuarifiwa; kila mara nilianza tena kueleza kifo kile kile kutoka mwanzo. Mara ya tatu sikuweza. Tangu siku hiyo swali hili huliweka mbele ya swali la bei.

Hatua ya tano: kikao cha kwanza

Andika kwenye karatasi mistari mitatu: kilichokuleta sasa na si mwaka jana, ulichokwisha kujaribu, na kitu kimoja ambacho ungependa kiwe tofauti baada ya miezi miwili. Kitu hicho kiwe kinaonekana. "Nataka amani" ni vigumu kukipima. "Nataka kulala kabla ya saa sita usiku na kuamka bila kifua kubana" kinapimika. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.

Mshauri huenda akakupa dodoso fupi. Lile la huzuni lina maswali tisa na huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na lile la pombe la Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi. Yajibu ulivyo, kwa kuwa yatarudiwa baadaye na ndiyo yatakayoonyesha kama kuna mabadiliko. Mpe pia mahali ulipo kwa kweli, mtaa na jengo, pamoja na nambari ya mtu mmoja wa kupigiwa wakati wa dharura. Anayekusikiliza kutoka Eldoret hawezi kukutumia msaada Likoni kama hajui kwamba uko Likoni. Afikianeni pia kwamba laini ikikatika nani atapiga tena na baada ya dakika ngapi, ili kukatika kwa umeme kusigeuke kuwa kuachwa. Sauti pekee hutumia bando dogo, makumi ya megabaiti kwa kikao, ilhali video hutumia mamia.

Hatua ya sita: kazi kati ya kikao na kikao

Dakika 50 kwa wiki hazibadilishi maisha zikiachwa peke yake. Kwa msongo wa mawazo, kazi iliyozoeleka ni daftari lenye safu nne: kilichotokea, nilichowaza, nilichohisi, nilichofanya. Karani wa mizigo ambaye kazi yake ilipungua baada ya makontena kuhamia kwenye reli aliniandikia mstari huu: "Jirani ameniuliza, leo hukwenda? Nimewaza, ananidharau. Kifua kimewaka. Nimerudi ndani, sikutoka mpaka magharibi." Tuliuangalia mstari huo wiki mbili. Alipogundua kwamba jirani alikuwa akimtafuta mtu wa kucheza naye bao, alitoka barazani, na kutoka kule kulimpunguzia uzito kuliko maneno yangu yote.

Kwa uraibu, kazi ni kuijua hamu kabla haijakushika. Andika saa, mahali, nani ulikuwa naye na pesa ngapi ulikuwa nazo mfukoni. Watu wa muguka hugundua kwamba hamu yao inaanza maskani saa kumi jioni, si mdomoni. Muguka una kathinoni, kichangamshi kinachofukuza usingizi na njaa. Ukiacha, tarajia siku kadhaa za uchovu, huzuni na ndoto mbaya, na usizichukue kuwa dalili kwamba huwezi kuishi bila huo. Mabishano kuhusu kuupiga marufuku yaliyofika mahakamani mwaka 2024 hayakumwonyesha mtumiaji afanye nini saa kumi jioni. Ipangie saa hiyo kazi nyingine, mahali pengine, kwa wiki za mwanzo. Hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata usipoitii. Mtu aliyekaa nayo mara tatu ikashuka huanza kuamini kwamba itashuka tena.

Kamari, ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu miongoni mwa uraibu, inahitaji kufungiwa mlango wa pesa. Mkabidhi mtu unayemwamini laini yenye M-Pesa kwa muda mliokubaliana, iandikie kampuni ikufungie akaunti, na mlete mshauri orodha kamili ya mikopo ya simu. Deni lililofichwa ndilo linalomrudisha mtu kwenye mkeka wa kubeti akitumaini kulilipa kwa usiku mmoja.

Kwa mabadiliko ya maisha sina daftari moja la kumpa kila mtu. Anayerudi kutoka Uarabuni baada ya kazi za ndani zilizomuumiza anahitaji kwanza usingizi na usalama, na asisukumwe kusimulia yote kikao cha pili. Mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, huweza kupata msaada kwa simu bila kutoka nyumbani. Achague mshauri mwanamke, sauti pekee, na wakati ambao wageni wa kumpa pole wamekwisha kuondoka. Nimeona wajane wakipewa pole na watu mia moja bila kuulizwa hata mara moja kama wanalala.

Hatua ya saba: jamaa na viongozi wa dini

Wengi hunijia huku wanafanyiwa kisomo, wanakunywa kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani), au wanaombewa kanisani, na huogopa kunitajia. Tajeni. Sijaona haja ya mtu kuchagua kimoja aache kingine, ila ninasisitiza kwamba dawa za hospitali zisisimamishwe bila daktari, na kwamba mgonjwa asifungwe wala kupigwa kwa jina la tiba. Sheikh au padri anayemjua mtu tangu utotoni anaweza kuwa yule wa kupigiwa simu ya dharura.

Kuhusu jamaa, amua na mshauri nani aambiwe nini. Mama anayetaka kujua kila neno la kijana wake anastahili kujibiwa kwa heshima: "Mama, naendelea vizuri, na nitakapohitaji msaada wako nitakuja." Mwenzi anaweza kualikwa kwa kikao kimoja, kila mtu na simu yake, vyumba tofauti, ili asiwepo anayemtazama mwenzake kwa jicho la kumnyamazisha.

Hatua ya nane: kupima, kubadilisha, na kumaliza

Baada ya vikao vinne, rudieni dodoso la mwanzo na ule mstari wa kinachopimika. Kama hakuna kilichosogea, sema wazi, na mshauri akupe sababu na mpango mwingine au akuelekeze kwa mtu mwingine. Kubadilisha mshauri si utovu wa adabu. Ukirudi kwenye pombe au mkeka katikati ya safari, usikikimbie kikao kinachofuata kwa aibu, maana hicho ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote. Tuma ujumbe wa maneno mawili tu, "Nimeteleza," ili mshauri aanzie hapo na wewe usilazimike kutafuta mwanzo.

Mambo yakitulia, achaneni kwa hatua: kikao kila wiki mbili, kisha kila mwezi, kisha kimoja baada ya miezi mitatu kilichoandikwa kwenye kalenda tangu leo. Katika kikao cha mwisho cha vile vya kila wiki, andikeni pamoja karatasi moja yenye dalili zako tatu za mwanzo za kuzidiwa, unachofanya ukiziona, na nambari utakayopiga. Ihifadhi kabatini pamoja na kitambulisho na vyeti vya watoto, mahali ambapo mkono wako utaifikia hata usiku umeme ukiwa umekatika.